Singapore mpaka New York ni saa 6 au saa 18? Ubishi wa kijiweni Barabara ya 13 umenielemea

Mkonge Mbichi (mwenye uzi):
Wakuu salaam. Nina kesi hapa, nisaidieni hukumu kabla ya kesho magharibi.

Kijiwe chetu cha kahawa kipo hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 13, ubavuni mwa fundi cherehani. Jana kulizuka ubishi kati ya mzee wetu mmoja, hapa nimwite Mzee K, na dogo mmoja wa bodaboda. Mzee K ana mpwa wake injinia wa meli. Mwezi huu wa saba kampuni yake imemshusha meli moja pale Singapore, ikamkatia ndege mpaka New York akapande meli nyingine iliyokuwa inamsubiri. Ndege moja, hakuna kutua njiani.

Mzee akakata kauli: "Mpwa wangu kaondoka Singapore Jumanne, saa sita kasoro usiku. Kafika New York Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita na nusu. Basi la Dar latumia hizo hizo, tena hilo lasimama njiani watu wale mishikaki."

Dogo akachomoa simu, akasoma: kilomita 15,300 na ushee, saa 18 na nusu. Mzee akamjibu, "Simu yako hiyo ndo ilosema jana hakuna mvua." Na kweli jana tulilowa wote.

Dogo hakukoma. Akasoma na ratiba ya kurudi: unaondoka New York saa nne na nusu asubuhi, unafika Singapore kesho yake saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nikahesabu kwa vidole: saa 31 kasoro dakika kumi. Hapo hata upande wa dogo ukanywea. Miji ileile, ndege ileile, kwenda 6 kurudi 31?

Wameweka dau: atakayeshindwa ananunua birika zima la kahawa na sahani ya kashata. Hakimu wamenifanya mie, kisa nilifika kidato cha sita. Nilisoma HKL jamani, historia na lugha, si hesabu. Nisaidieni.

Kibao cha Mbuzi:
Saa sita Singapore mpaka New York? Huyo mpwa kapaa na ungo. Tanga mna mambo yenu.

Mkonge Mbichi:
Ungo hauombi viza mkuu. Huyu kapigwa maswali uhamiaji kama sisi wote.

Ustadh wa Mabokweni:
Kabla ya hukumu, hilo dau ni kamari. Anunue mwenye uwezo, wanywe wote, ubishi ubaki ubishi.

Mwalimu Chaki:
Mkonge, kwanza nikupongeze kwa kuandika "saa" na si "masaa". Tanga bado hamjaharibika.

Mzee hajasema uongo, kasoma saa mbili za ukutani za miji miwili akazitoa moja kwa nyingine kama vile zinatembea pamoja. Singapore ipo mbele ya Tanga kwa saa 5. New York, kwa msimu huu wa joto kwao, ipo nyuma ya Tanga kwa saa 7. Jumlisha: saa 12 kamili kati ya miji hiyo miwili.

Sasa tazama ilivyo nzuri. Kwa ratiba ya ndege hiyo, mpwa alipoondoka Singapore saa sita kasoro dakika ishirini usiku wa Jumanne, New York ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini mchana wa Jumanne hiyo hiyo. Saa ya mshale ya mkononi hata haikuhitaji kuguswa, usiku tu uligeuka mchana. Kutoka sita kasoro ishirini mchana wa Jumanne mpaka kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumatano, hesabu mwenyewe: saa 18 na nusu.

Kurudi unafanya kinyume. Zile saa 31 kasoro dakika kumi, toa 12, unabaki na saa 18 na dakika 50. Kwa hiyo angani ni karibu sawa kwenda na kurudi. Kilichokuwa kinawachezea ni saa za ukutani.

Angalizo: Marekani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba na kuzisogeza mbele tena Jumapili ya pili ya Machi. Singapore hawana mchezo huo. Mkibishana tena Desemba, tofauti itakuwa saa 13 na hesabu hii itawatoka kombo.

Kibao cha Mbuzi:
Mwalimu, umeeleza vizuri lakini kuna kitu kinanisumbua tangu darasa la tano na sijawahi kupata wa kumuuliza. Dunia si inazunguka? Basi ndege ipae tu pale Singapore, isimame angani, isubiri New York ije chini yake. Mafuta ya nini?

Dereva wa Zamani:
😂😂 Huyu ndiye aliyekuwa anakaa dawati la nyuma.

Mwalimu Chaki:
Dereva, usimcheke, swali lake ni halali. Kibao, siku ukipanda basi la Dar, likiwa limekolea mwendo ruka juu palepale uliposimama. Utatua palepale, huendi kugonga kiti cha nyuma. Ulipokuwa chini ulikuwa na mwendo wa basi, na hewa ya ndani ya basi inakwenda na basi. Pale ikweta ardhi inazunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, na hewa yote inakwenda nayo. Ingekuwa hewa inabaki nyuma, Tanga nzima ingekuwa imeshapeperushwa, pamoja na Mabanda ya Papa.

Binti Makorora:
Jamani mbona mnahangaika? Mkonge, huyo mpwa alimtumia mzee ujumbe?

Mkonge Mbichi:
Ndiyo, WhatsApp. Mzee anausoma kama hati ya mahakama. Wa kwanza: "Mjomba ndo twapanda, huku saa sita kasoro usiku." Wa pili: "Mjomba nimeshuka salama, huku saa kumi na mbili imepita asubuhi." Ndo ushahidi wake mkuu.

Binti Makorora:
Basi kesi imekwisha, ila msimwambie mzee mpaka mkutane. Yale maneno "huku saa fulani" kayaandika mpwa. Lakini chini ya kila ujumbe kuna saa ndogo ya kijivu, na ile inafuata saa ya simu ya anayeusoma. Simu ya mzee ipo Tanga. Kwa hiyo jumbe zote mbili zina saa ya Tanga, aliyezituma awe Singapore, awe mwezini. Toa moja kwa nyingine upate safari nzima bila kujua Singapore iko wapi. Halafu rudi utuletee mrejesho.

Mkonge Mbichi:
Binti, wewe ungekuwa hakimu. Kesho jioni naenda naye mguu kwa mguu.

Tiketi Mkononi:
Nimeona uzi umechangamka nikasema nichangie, maana kukata tiketi ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Safari hiyo ipo kweli. Singapore Airlines walianza kwenda moja kwa moja eneo la New York mwaka 2004, wakitua Newark, kwa Airbus A340-500 yenye injini nne. Wakaacha 2013 kwa sababu injini nne zinakula mafuta hakuna mfano. Wakarudi Oktoba 2018 na A350-900ULR ya injini mbili, na tangu Novemba 2020 wanatua mpaka uwanja wa JFK. Ndege hiyo inabeba lita 165,000 za mafuta. Ninyi wa Tanga mnayajua malori ya mafuta yanayopanda kwenda Segera: piga picha manne ya lita 40,000, na bado hujaijaza.

Ndiyo maana haijazi watu. Ina viti 161 tu, 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati. Daraja la kawaida hakuna. Marubani ni wanne, wanapokezana kulala.

Kwa safari yoyote, kanuni yetu ya dukani ni hii: chukua kilomita, gawa kwa 900, ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Dar mpaka Guangzhou ni kama kilomita 8,700, unapata saa 10 na kidogo. Dar mpaka Dubai ni kama 4,000, saa 5. Haitoki mbali na ukweli. Ila jueni kwamba muda ulioandikwa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena, si magurudumu kuacha ardhi.

Kibao cha Mbuzi:
Daraja la kawaida hakuna? Na baharia wa Tanga ndiye kapanda humo? Hii chai.

Mkonge Mbichi:
Si chai. Ni injinia wa pili, na ile meli ilikuwa inaungua pesa kila siku inayolala bandarini ikimsubiri. Mzee anasema kampuni haikuuliza bei.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Tiketi, kanuni yako ni nzuri lakini umesahau upepo. Hakuna chombo kisichotegemea upepo, hata hicho cha lita laki moja na sitini na ushee.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya ndege. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka kwetu na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, yakirudi kwao na kusi. Ukijidai kwenda Muscat wakati wa kaskazi, utapigana na bahari mpaka tanga lichanike. Umbali ule ule, siku haziwi zile zile.

Huko juu wanakopita ndege kubwa, kilomita 9 mpaka 12, kuna upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kama mto wa hewa. Mara nyingine unapita kilomita 200 kwa saa, ukichachamaa unafika 300. Anayekwenda mashariki anasukumwa, anayekwenda magharibi anaupiga kifua. London mpaka New York ni kilomita kama 5,540. Kwenda ni karibu saa 8, kurudi ni karibu 7. Februari 2020 kulikuwa na tufani Atlantiki, ndege moja ya British Airways ikatoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Zile saa mbili zilizopungua zililiwa na upepo.

Sasa hawa wa Singapore wajanja. Mara nyingi wakienda New York wanapita mashariki, juu ya Pasifiki ya kaskazini, wapate kusukumwa. Wakirudi, kuna siku wanakwenda mashariki tena, juu ya Atlantiki na Ulaya. Yaani mtu anakwenda na kurudi hajageuka nyuma hata mara moja, kaizunguka dunia nzima.

Mwalimu Chaki:
Shikamoo Nahodha. Hilo la kwenda mashariki mara mbili nitaliiba nikafundishie.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Marahaba mwalimu. Iba tu.

Dereva wa Zamani:
Mie nimekwama kwenye hizo kilomita 15,300. Nimefungua ramani ya ukutani ya mwanangu nikapima kwa rula, Singapore, kata Pasifiki yote, kata Marekani yote. Napata kama 19,000. Nani kapunguza kilomita zangu?

Mwalimu Chaki:
Ramani ndiyo iliyokuongezea. Dunia ni mviringo, ramani ya ukutani imeibandua ikaivuta, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo inavyovuta zaidi. Tupa rula.

Nenda kachukue chungwa la Muheza, lile la duara zuri. Weka alama mbili kwa kalamu. Singapore iweke karibu na kiuno cha chungwa, maana ipo nyuzi (digrii) moja na kidogo tu juu ya ikweta. New York iweke upande wa pili wa chungwa, karibu nusu ya njia kupanda kwenye kikonyo. Upande wa pili kabisa, maana hiyo miji miwili imepishana kwa longitudo karibu 178, na nusu duara ni 180. Sasa chukua uzi wa cherehani, shika ncha moja Singapore, vuta mpaka New York ukaze. Uzi utakaa wapi? Hautafuata kiuno. Utapanda juu, upite jirani kabisa na kikonyo, ushukie upande wa pili. Kikonyo ndiyo Ncha ya Kaskazini.

Huo ndio mstari mfupi, kilomita 15,340 hivi. Mtandao unapokuambia umbali wa ndege, ni uzi huo. Ndege yenyewe inaweza isiufuate, kwa sababu ya upepo aliosema Nahodha, kwa hiyo inaruka kilomita nyingi zaidi ya hizo na bado ikawahi.

Na kwa kuwa mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, hakuna mji wowote ulio mbali na mwingine zaidi ya 20,000. Ukisoma popote kwamba mji fulani upo kilomita 23,000 kwa mstari wa ndege, funga ukurasa.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Sisi baharini hatupimi kwa kilomita. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1,852. Uzi wako wa chungwa ni nyuzi 138, kila moja ina dakika 60. Mara 60, unapata maili 8,280. Hesabu ya kichwani, haihitaji intaneti.

Ustadh wa Mabokweni:
Mwalimu umenigusa penye kidonda. Kuna Waislamu waliohamia Marekani walibishana miaka mingi juu ya kibla kwa sababu ya ramani hiyo hiyo ya ukutani. Ukiitazama, Makka ipo kusini-mashariki ya New York. Lakini misikiti mingi ya huko inaelekea kaskazini-mashariki. Ni uzi wa chungwa: njia fupi ya kufika Makka kutoka kule inaanza kwa kupanda.

Sisi wa Tanga Mungu katurahisishia. Makka ipo longitudo 39.8, Tanga ipo 39.1. Kaskazini moja kwa moja, kilomita kama 2,950. Ukisimama kuswali Ngamiani unaelekea Makka na Ncha ya Kaskazini kwa mpigo mmoja.

Dereva wa Zamani:
Nimejaribu chungwa. Mwanangu kalila Singapore. Lakini nimeelewa.

Kaole:
Ninyi mnazungumza Singapore, mie natoka Bagamoyo nina dada Tanga. Kwa mstari wa ndege Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 190. Kwa basi ni karibu 350, maana lazima upande mpaka Chalinze au Msata, ukazunguke Segera, ndipo ushuke tena baharini. Barabara ya pwani ya Saadani na Pangani ikikamilika yote nitachinja kuku. Wa Singapore wana uzi wa chungwa, sisi tuna uzi wa Segera.

Binti Makorora:
😂😂 Uzi wa Segera! Na una fundo pale kwenye mzani.

Mama Mchaichai:
Wanangu, mmeongea kilomita na upepo, nami niseme la tarehe, maana lilinitia hasara.

Binti yangu yupo Toronto, alijifungua, nikaitwa kwenda kumlea. Mtandao uliniandikia Dar mpaka Toronto kilomita 12,800, saa 15. Nikasema si haba. Wakala mmoja wa mjini akanikatia tiketi, akaniandikia kwa kalamu kwenye karatasi: tarehe 14, 00:40. Nikauliza hii sifuri sifuri ni saa ngapi, akasema saa sita na dakika arobaini usiku, mama. Sawa.

Tarehe 14 asubuhi nikapanda basi pale Kange. Sanduku lina viungo vya pilau, mchaichai mkavu na doti sita za kanga. Nikafika Dar jioni, nikaoga kwa mdogo wangu, saa tatu usiku nipo uwanja wa ndege, nimewahi, najisifu. Binti wa kaunta akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akasema kwa sauti ya chini: "Mama, ndege yako imeondoka usiku wa kuamkia leo."

Usiku wa kuamkia leo. Maneno hayo hayo wakala angeniambia siku ya kwanza, ningeelewa. Angesema "ni usiku wa kuamkia tarehe 14", ningeondoka Tanga tarehe 13. Faini ya kubadilisha ilikaribia nusu ya tiketi, na lile sanduku nililiburuza kurudi kwa mdogo wangu nikilia mpaka dereva wa teksi akazima redio.

Ustadh wa Mabokweni:
Pole sana mama. Na ajabu ni kwamba kwa hesabu yetu ya zamani usiku unatangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa kwa wazee ni Alhamisi baada ya magharibi. Tiketi ya kizungu hapo inakubaliana na bibi zetu kuliko inavyokubaliana nasi.

Tiketi Mkononi:
Mama shikamoo. Naomba radhi kwa niaba ya kazi yetu. Mimi kila tiketi ya kati ya saa sita usiku na kumi na moja alfajiri naandika kwa wino mwekundu "KUAMKIA". Na ile ya 03:45 naandika "saa TISA na dakika 45 usiku", kwa sababu nimeshaona watu wanakuja saa tatu na dakika 45 asubuhi wamevaa suti.

Kibao cha Mbuzi:
Mama, na ulipokwenda kweli, zile saa 15 zilikuwa kweli?

Mama Mchaichai:
Saa 15 wapi mwanangu. Ndege ya moja kwa moja haipo. Basi saa 6. Kusubiri Dar saa 6, maana safari hii niliwahi kwa hofu. Dubai saa 5 na nusu. Kukaa Dubai saa 7, nimekalia mkoba wangu usiibwe. Dubai Toronto saa 14. Kutoka uhamiaji na kungoja sanduku saa 2, mchaichai waliunusa sana. Jumlisheni wenyewe, mie nilifika miguu imevimba kama mihogo.

Mwalimu Chaki:
Saa 40 na nusu. Hii ndiyo hesabu ya mlango hadi mlango, na hakuna ukurasa unaoiandika.

Dereva wa Zamani:
Mkuu Mwalimu, na ile ya kufika kabla hujaondoka? Nilisikia Japani.

Mwalimu Chaki:
Tokyo mpaka Los Angeles, kilomita kama 8,800, saa 10 hivi. Ondoka Tokyo saa kumi na moja jioni, unatua Los Angeles saa tano asubuhi ya siku hiyo hiyo. Umevuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, ukarudishiwa siku.

Kaole:
Tanga mlizoea "waja leo, waondoka leo". Hao waondoka leo jioni, wafika leo asubuhi.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Mstari wenyewe nao unahamishwa. Samoa walikuwa upande mmoja wakaamua kuhamia wa pili ili siku zao zilingane na Australia na New Zealand. Walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa yote haikuwepo.

Kibao cha Mbuzi:
Ustadh, sala ya Ijumaa je?

Ustadh wa Mabokweni:
Wewe hata zile Ijumaa zilizopo hatukuoni.

Tiketi Mkononi:
Niongeze moja halafu nifunge duka. Njia inaweza kurefuka bila mji kuhama. Helsinki mpaka Tokyo ndege zilikuwa zinakatiza Urusi, saa 9 na nusu hivi. Anga la Urusi lilipofungwa kwao mwaka 2022, wakaanza kuzunguka, siku nyingine kwa kupita juu kule kwenye kikonyo cha chungwa, ikawa kama saa 13. Kwa hiyo ukikuta jibu la zamani mtandaoni, tazama limeandikwa lini.

Mkonge Mbichi:
MREJESHO.

Wakuu, nimetoka kijiweni sasa hivi. Nilikwenda na chungwa, nikaazima uzi kwa fundi cherehani, kalamu nikachukua kwa muuza vocha. Nimeliweka chungwa juu ya ubao wa bao, watu wakasogea. Nilipokaza uzi ukapita pembeni ya kikonyo, yule fundi akaacha cherehani akaja kuvuta mwenyewe, hakuamini. Akarudia mara tatu.

Kisha nikamwomba Mzee K simu. Akaivua kwenye kifuko chake cha plastiki, taratibu, akavaa miwani. Nikamwonyesha zile tarakimu ndogo za kijivu. Ujumbe wa kwanza, Jumanne, 18:38. Wa pili, Jumatano, 13:26. Nikamsomea kwa saa zetu: saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane jioni, na saa saba na dakika ishirini na sita mchana. Nikamuuliza, "Mzee, Jumanne ulipopata ujumbe huu ulikuwa wapi?" Akasema, "Natia udhu wa magharibi." "Na huu wa pili?" Akanyamaza. Akasema, "Nshaswali adhuhuri, nala wali."

Kutoka udhu wa magharibi mpaka wali wa mchana wa pili yake. Kijiwe kizima kikacheka. Saa 18 na dakika 48, na humo ndani mna kupanda, kusubiri kuruka na kutembea mpaka mtandao ushike.

Mzee hakubisha. Akatoa noti, akamtuma dogo mwenyewe akalete birika, "mshindi ndo mtumwaji." Ustadh usinune, wamekunywa wote.

Lakini haikuishia hapo. Mzee akampigia mpwa wake palepale, akaweka sauti ya nje. Mpwa yupo melini, kacheka sana. Akasema: "Mjomba, umeshindwa kwa saa, ila nikupe moja ya kuwashika nayo. Niliswali Alfajiri ya Jumatano kitini, jua likachomoza tukiwa juu ya bahari upande wa Japani. Likazama tena hatujafika. Karibu na kushuka New York likachomoza mara ya pili. Nikatazama tarehe: Jumatano."

Mzee K akaweka simu chini, akavua miwani.

"Alfajiri mbili, Jumatano moja. Haya, dogo, simu yako hiyo ilikwambia hilo?"

Dogo kimya, ana birika mkononi. Mzee ameivutia sahani ya kashata upande wake.